Ghala Moja au Mengi? Historia ya Kugawanywa kwa Kumbukumbu ya Muda Mrefu

Katika sehemu kubwa ya historia ya elimu, kumbukumbu ya binadamu ilichukuliwa kuwa uwezo mmoja, mfano wa ghala ambamo kila kinachojifunzwa huwekwa na kutolewa kinapohitajika, na mtu aliyesahau alihesabiwa kuwa ama ghala lake limevuja au ufunguo wake umepotea. Leo wataalamu wa saikolojia na wa ubongo wanabishana juu ya mengi, lakini karibu wote wamekwisha kuuacha mtazamo huo. Kumbukumbu ya muda mrefu, yaani ile inayohifadhi mambo kwa zaidi ya dakika chache na pengine kwa umri mzima, sasa inaeleweka kuwa jina la jumla la uwezo kadhaa, ambao hutegemea sehemu mbalimbali za ubongo na huweza kuharibika mmoja huku mwingine ukisalimika. Badiliko hilo la fikra halikuletwa na hoja za wanafalsafa peke yake, ingawa baadhi yao waliukaribia ukweli mapema sana. Lililetwa hasa na uchunguzi wa watu wachache walioumia ubongo, ambao kwa kupoteza kumbukumbu za aina moja walidhihirisha kwamba za aina nyingine wangali nazo.

Waliotangulia kuiona tofauti

Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliandika risala fupi ambamo alitenga mambo mawili: kukumbuka kwenyewe, ambako alisema baadhi ya wanyama wanashiriki pamoja na binadamu, na kitendo cha kulitafuta kwa makusudi jambo lililoponyoka, ambacho alikihesabu kuwa cha binadamu tu kwa sababu kinafanana na kujenga hoja. Mgawanyo huo ulihusu namna ya kukumbuka zaidi kuliko aina ya kinachokumbukwa. Aliyekigeukia kinachokumbukwa ni Augustino, askofu wa mji wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, ambao leo ni Annaba nchini Aljeria. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, alichoandika karibu na mwisho wa karne ya 4, aliipekua kumbukumbu yake na kuona kwamba vitu vilivyoonwa, kusikiwa au kunuswa vimo ndani kwa sura zake tu, kwa kuwa vyenyewe haviwezi kuingia. Kwamba elimu kama ya hesabu imo yenyewe na wala si sura yake. Na kwamba hisia za moyo zimo kwa namna ya tatu, kwa sababu mtu anaweza kuikumbuka huzuni ya zamani pasipo kuhuzunika.

Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa ambaye vitabu vyake vya Kiarabu vilifundishwa Mashariki na Ulaya kwa karne nyingi, alikwenda mbali zaidi kwa kuufungamanisha mgawanyo huo na mwili. Alihesabu hisia tano za ndani na kuzipangia mahali katika vyumba vya ubongo, akatenga hazina mbili miongoni mwake: ya mbele, inayohifadhi sura za vitu kama macho na masikio yalivyozipokea, na ya nyuma, inayohifadhi maana ambazo hazionekani kwa jicho, kama ule uadui ambao kondoo huutambua kwa mbwamwitu akakimbia. Ramani yake ya ubongo haikuthibitika baadaye, lakini kanuni iliyokuwa chini yake, kwamba hifadhi mbili tofauti zina mahali pawili tofauti na kwamba jeraha la mahali pamoja huharibu moja na kuiacha nyingine, ndiyo kanuni ambayo tiba ya karne ya 20 ilirudi kuitumia.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanafalsafa wa Kifaransa Maine de Biran, akiandika juu ya athari za mazoea, alitaja kumbukumbu za namna tatu: ya miondoko, ambayo hurudia matendo na hata maneno bila fikra kuandamana nayo, ya hisia, ambayo hurudisha hali ya moyo bila kujulikana chanzo chake, na ile inayorudisha mawazo yenyewe pamoja na hali zake. Mgawanyo wake unakaribiana mno na unaofundishwa vyuoni leo, lakini ulisahaulika kwa muda mrefu, kwa kuwa haukuwa na kipimo wala mgonjwa wa kuuthibitisha.

Kipimo, mazoea na sindano

Kipimo kililetwa na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye kitabu chake juu ya kumbukumbu kilitoka mwaka 1885. Alitunga silabi 2,300 hivi zisizo na maana, ili asisaidiwe na mambo aliyoyajua tangu zamani, akazipanga katika orodha, akawa yeye mwenyewe mtafiti na mtafitiwa wa pekee. Alijifunza kila orodha mpaka akaweza kuirudia bila kukosea, akangoja dakika 20, saa moja, siku moja au hata siku 31, kisha akajifunza orodha ileile upya na kukokotoa sehemu ya kazi iliyopungua ikilinganishwa na mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 kazi ilipungua kwa asilimia 58, baada ya saa moja kwa asilimia 44, baada ya siku moja kwa asilimia 34, na baada ya siku 31 kwa asilimia 21. Vitabu vingi hukumbusha takwimu hizo kwa sababu zinaonyesha kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni na kupunguza mwendo baadaye, lakini kwa historia ya aina za kumbukumbu lililo kubwa zaidi ni namna ya kipimo chenyewe. Ebbinghaus hakuuliza mtu anakumbuka nini, bali aliuliza anajifunza upya kwa wepesi gani, na kwa hiyo aliweza kuigundua alama iliyobaki hata pale ambapo mwenyewe angeapa kwamba hakumbuki lolote. Katika kurasa za mwanzo za kitabu hicho alisema wazi kwamba mambo yaliyopita huweza kuathiri mwenendo wa mtu bila kurudi katika fahamu zake.

Mmarekani William James, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha mwaka 1890, alitenga kumbukumbu ya msingi, ambayo ni yale yaliyomo akilini wakati huuhuu na ambayo leo ingeitwa ya muda mfupi, na kumbukumbu ya pili, ambayo ni maarifa ya hali iliyokwisha kutoka akilini na ambayo mtu huirudisha akijua kuwa ni sehemu ya maisha yake mwenyewe. Mazoea aliyaandikia sura nyingine kabisa. Miaka 6 baadaye Mfaransa Henri Bergson alidai kwamba mazoea nayo ni kumbukumbu, ila ni ya aina yake. Mfano wake ulikuwa wa somo lililohifadhiwa kwa kulisoma mara nyingi: somo lililokwisha kukaa kichwani hutoka lenyewe, kama mwendo wa miguu, ilhali kila usomaji mmojammoja ulioandaa hali hiyo una tarehe yake na hauwezi kurudiwa. Msomaji wa pwani anaijua tofauti hiyo kutoka chuoni, kwa maana mwanafunzi aliyehifadhi juzuu nzima huisoma bila kusita, lakini akiulizwa ni siku gani aliikamilisha aya fulani, na nani alikuwa ameketi kando yake, huenda asiwe na jibu. Mambo hayo mawili yalitoka katika masomo yaleyale, na bado moja lipo na jingine limetoweka.

Wakati huohuo madaktari walikuwa wameanza kuyatazama maradhi. Mfaransa Théodule Ribot, mwaka 1881, alikusanya habari za wagonjwa wengi na kutoa kanuni kwamba ugonjwa wa ubongo huzifuta kumbukumbu changa kabla ya zile kongwe, na kwamba mazoea ya mwili ndiyo hufutika mwisho. Sergei Korsakoff wa Moscow alieleza, katika miaka ya 1880, ugonjwa wa kumbukumbu ambao mara nyingi huwapata walevi wa miaka mingi, na ambao humfanya mgonjwa azungumze kwa akili timamu huku akiwa hajui kilichotokea nusu saa iliyopita. Mmoja wa wagonjwa wa namna hiyo alikutana na daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, aliyechapisha habari zake mwaka 1911. Mama huyo hakumtambua daktari wake ingawa walionana kila siku. Siku moja Claparède aliificha sindano katikati ya vidole vyake na kumchoma wakati wa kupeana mikono. Baada ya muda mfupi mgonjwa hakuwa na habari ya mchomo ule, lakini daktari aliponyoosha mkono tena, yeye aliurudisha wake, na alipoulizwa sababu alijibu kwa jumla tu kwamba mikono ya watu pengine huficha sindano. Tukio lenyewe lilikuwa limepotea. Funzo lake lilikuwa limebaki. Kwa miaka 40 iliyofuata kisa hicho kilitajwa mara moja moja kama kioja, kwa sababu hapakuwa na nadharia ya kukipokea.

Hartford na Montreal

Nadharia iliyotawala katikati ya karne ya 20 ilielekea kinyume. Karl Lashley, aliyetumia miaka mingi kukata vipande vya gamba la ubongo wa panya waliokwisha kufundishwa kupita njia zenye mizingo, aliona kwamba kilichodhuru kumbukumbu ni ukubwa wa kipande kilichoondolewa kuliko mahali kilipotoka, na mwaka 1950 alihitimisha kwamba alama ya kumbukumbu haiwezi kuonyeshwa mahali pamoja. Ilionekana basi kwamba kumbukumbu imeenea ubongo mzima na haigawanyiki.

Hukumu hiyo ilianza kuvunjika katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1953 daktari mpasuaji William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27 aliyeitwa Henry Molaison, ambaye kifafa kilikuwa kimemzuia kufanya kazi na ambaye dawa za wakati huo hazikumfaa. Scoville aliondoa pande zote mbili sehemu za ndani za ubongo zilizo katika usawa wa masikio, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, ambayo ni umbo lililopinda lililo ndani kabisa ya eneo hilo, na ambayo kazi yake kwa wakati huo haikujulikana kwa hakika. Kifafa kilipungua. Kumbukumbu, kwa maana ya kawaida ya neno hilo, ilikoma: Molaison hakuweza tena kulihifadhi tukio jipya, hakuwatambua wauguzi waliomhudumia kila siku, na alisoma gazeti lilelile mara kadhaa kana kwamba ni jipya. Scoville mwenyewe aliwaonya wapasuaji wenzake wasiirudie kazi hiyo.

Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal nchini Kanada aliyekuwa amekwisha kuona wagonjwa wenye dalili za karibu na hizo, alikwenda Hartford kumpima, na mwaka 1957 yeye na Scoville walichapisha taarifa ambayo imekuwa miongoni mwa taarifa zinazotajwa zaidi katika elimu ya ubongo. Akili ya Molaison ilikuwa nzima, na alama zake katika kipimo cha akili zilikuwa 112, juu kidogo ya zile za kabla ya upasuaji. Utoto wake aliukumbuka. Aliweza pia kuishika namba ya tarakimu tatu kwa dakika 15 kwa kuirudia na kuichezea kichwani, ila mara mazungumzo yalipogeuzwa hakujua kwamba aliwahi kupewa namba yoyote. Hivyo ilithibitika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi na ya muda mrefu ni vitu viwili, na kwamba kuna mahali mahususi ambapo bila pahali hapo matukio mapya hayahifadhiki.

Jaribio lililoigawa kumbukumbu ya muda mrefu yenyewe lilitangazwa na Milner mwaka 1962. Molaison alipewa karatasi iliyochorwa nyota yenye mistari miwili sambamba, akatakiwa kupitisha penseli katikati ya mistari hiyo huku mkono wake ukiwa umefichwa na yeye akiiona karatasi katika kioo tu, jambo ambalo humfanya kila mtu aende kushoto anapokusudia kwenda kulia. Siku ya kwanza aliteleza nje ya mistari mara nyingi, kama ilivyo kwa yeyote anayejaribu mara ya kwanza. Kadiri alivyorudia makosa yalipungua, siku ya pili alianza karibu na pale alipoishia jana yake, na kufikia siku ya tatu mkono ulikwenda kwa ustadi. Kila siku, hata hivyo, ilibidi aelezwe upya kazi hiyo inafanywaje, kwa kuwa kwa ufahamu wake hakuwa amewahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenye mkono hakuwa na habari.

Mwanzoni Milner na wengine walifikiri kwamba ustadi wa mikono ni jambo la pekee lililosalimika. Mwaka 1968 Elizabeth Warrington na Lawrence Weiskrantz walionyesha, kwa wagonjwa wa Uingereza wenye amnesia, yaani upotevu wa kumbukumbu utokanao na maradhi au jeraha la ubongo, kwamba kuna zaidi ya hapo. Wagonjwa walionyeshwa michoro iliyokatwakatwa ambayo ilikamilishwa hatua kwa hatua mpaka wakaitambua. Siku zilizofuata waliitambua katika hatua za awali zaidi, ingawa hawakukumbuka kuwahi kuiona. Kisha mwaka 1980 Neal Cohen na Larry Squire wa San Diego waliwafundisha wagonjwa wa amnesia kusoma maneno yaliyogeuzwa kama yanavyoonekana katika kioo, wakaona kwamba wepesi wa kusoma uliongezeka kwao sawasawa na kwa watu wenye afya na kubaki kwa miezi 3, ilhali maneno yenyewe waliyoyasoma hawakuyakumbuka vizuri. Kwa kueleza tofauti hiyo Cohen na Squire waliazima hoja ya mwanafalsafa wa Uingereza Gilbert Ryle, ambaye mwaka 1949 alikuwa ametenga kujua jinsi ya kufanya na kujua kwamba jambo liko hivi.

Tangu hapo mgawanyo wa kwanza wa kumbukumbu ya muda mrefu umekuwa wa matawi mawili. Tawi moja ni kumbukumbu bayana, yaani ile ambayo mtu huileta akilini kwa kujua na kuweza kuieleza kwa maneno. Jingine ni kumbukumbu fiche, ambayo hujionyesha katika kutenda tu, kwa wepesi, usahihi au woga ulioongezeka, pasipo mwenyewe kutambua kwamba anakumbuka.

Matukio na maarifa

Tawi la kumbukumbu bayana lilikuwa limekwisha kugawanywa miaka michache kabla ya hapo, na aliyeligawa hakuanza na mgonjwa. Endel Tulving alizaliwa Estonia mwaka 1927, akahamia Kanada baada ya vita vikuu vya pili, na kufanya kazi Toronto. Katika makala ya mwaka 1972 alidai kwamba kuna kumbukumbu ya matukio, inayohifadhi yale yaliyompata mtu mwenyewe, mahali fulani na wakati fulani, na kumbukumbu ya maarifa, inayohifadhi maana za maneno, sifa za vitu na habari za dunia bila kujali zilipatikana lini. Mtu anayejua kwamba Dodoma ni mji mkuu wa Tanzania hutumia ya pili. Anayekumbuka safari yake ya kwanza ya kwenda Dodoma hutumia ya kwanza. Tulving aliutoa mgawanyo huo kama njia ya kurahisisha mjadala, na wenzake wengi walisema kuwa ni tofauti ya maneno tu.

Jibu lilitoka kwa Kent Cochrane, mkazi wa eneo la Toronto aliyeumia ubongo katika ajali ya pikipiki mwaka 1981 akiwa na miaka 30. Cochrane alijua kucheza sataranji, alizielewa hesabu na historia alizosoma shuleni, na alizijua habari nyingi za maisha yake kama mtu anavyozijua habari za jirani. Lakini hakuwa na tukio hata moja la maisha yake aliloweza kulirudia akilini kama jambo alilolishuhudia, si la utotoni wala la juzi. Alipoulizwa kesho atafanya nini, alisema akili yake haina kitu. Kutokana naye Tulving alihitimisha kwamba kumbukumbu ya matukio haihusu kuhifadhi habari pekee, bali inampa binadamu uwezo wa kujiona mwenyewe katika wakati uliopita na ujao. Hitimisho hilo liliungwa mkono mwaka 2007, pale Demis Hassabis, Eleanor Maguire na wenzao wa London walipoonyesha kwamba wagonjwa walioharibika hipokampasi hushindwa pia kuwaza kwa ukamilifu mambo ambayo hayajawahi kutokea, kama vile kujiona wakiwa wamelala ufukweni.

Ili mgawanyo uthibitike sawasawa palihitajika pia wagonjwa wa kinyume chake, nao walipatikana. Mwaka 1975 Warrington alieleza habari za wagonjwa watatu waliokuwa wakipoteza maana za maneno na za vitu huku wakifuatilia vizuri kiasi mambo ya kila siku, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa namna hiyo ulipewa jina la pekee katika tiba. Mwenye ugonjwa huo anaweza kueleza alivyofika hospitalini asubuhi hiyo, lakini akionyeshwa picha ya punda milia akamwita farasi, na miezi kadhaa baadaye akamwita mnyama tu. Mwaka 1997 Faraneh Vargha-Khadem na wenzake wa London walichapisha habari za vijana watatu walioharibika hipokampasi wakiwa wachanga au watoto. Vijana hao hawakuweza kuaminiwa kukumbuka miadi, njia wala kipindi cha televisheni walichokitazama, lakini walikuwa wamesoma katika shule za kawaida, wakajua kusoma, kuandika na habari nyingi za dunia. Maarifa, basi, huweza kuingia hata pale mlango wa matukio ulipofungwa, ingawa wataalamu wangali wakibishana ni kwa kiasi gani.

Yaliyomo katika tawi fiche

Tawi fiche nalo halikubaki kitu kimoja. La kwanza ndani yake ni stadi na mazoea, ambayo hutegemea hasa viini vilivyo katika kina cha ubongo, vilevile ambavyo ugonjwa wa Parkinson huvidhoofisha. Mwaka 1996 Barbara Knowlton, Jennifer Mangels na Squire waliwapa watu mchezo wa kutabiri kama kutanyesha au kutakuwa na jua kwa kutazama kadi zenye maumbo, ambapo kila kadi ilielekea upande mmoja kwa uwezekano tu, kiasi kwamba kukariri hakukufaa kitu. Wagonjwa wa amnesia waliboresha utabiri wao kama watu wenye afya, lakini baadaye hawakuweza kueleza mchezo ulivyokuwa. Wagonjwa wa Parkinson waliueleza mchezo vizuri na hawakuwa wameujifunza. Kwa jaribio moja pande zote mbili za hoja zilikamilika.

La pili ni mwamsho, yaani ule wepesi wa kutambua au kutoa kitu kwa sababu tu kilikutana na macho au masikio siku za karibuni. Tulving, Daniel Schacter na Heather Stark walionyesha mwaka 1982 kwamba mtu aliyesoma neno hulikamilisha kwa wepesi zaidi anapopewa baadhi ya herufi zake, na kwamba wepesi huo haukupungua kwa muda wa siku 7, ingawa uwezo wa kusema kama neno hilo lilikuwa katika orodha ulishuka sana.

La tatu ni mwitiko uliofungamanishwa na ishara, kama ule ambao Mrusi Ivan Pavlov aliuchunguza kwa mbwa waliotokwa mate kwa kusikia ishara ya chakula. Tafiti za Richard Thompson kwa sungura katika miaka ya 1980 zilionyesha kwamba mwitiko wa kupepesa jicho hutegemea ubongo mdogo, ulio nyuma chini ya kichwa. Mwitiko wa woga, kwa upande wake, hutegemea amigdala, kiini kidogo kilicho mbele ya hipokampasi. Mwaka 1995 Antoine Bechara na wenzake wa Iowa waliwaonyesha wagonjwa rangi mbalimbali, na moja ya rangi hizo ilifuatwa na mlio mkali wa honi. Mgonjwa aliyeharibika amigdala alitaja bila kukosea ni rangi gani ilitangulia honi, lakini ngozi yake haikuonyesha jasho la hofu. Aliyeharibika hipokampasi alitoa jasho kila alipoiona rangi hiyo, wala hakuweza kusema ni kwa nini. Mgonjwa wa Claparède aliyeurudisha mkono wake alipata maelezo yake baada ya miaka 84.

Mipaka ya mgawanyo

Haifai kudhani kwamba matawi haya yamekatwa kwa kisu. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alionyesha kwamba mtu anapokumbuka hadithi huijenga upya kwa kufuata mazoea na maarifa ya jamii yake, hivyo kila kumbukumbu ya tukio ina kumbukumbu ya maarifa ndani yake. Bartlett alikuwa amefika pia Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, akastaajabia wachungaji walioweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka uliotangulia kwa rangi, bei na muuzaji wao karibu bila kosa, na ambao katika mambo mengine kumbukumbu yao ilikuwa ya kawaida. Kwake hilo lilithibitisha kwamba kinachohifadhika hutegemea thamani ambayo jamii imekipa kitu. Tena kuna wanaosema kwamba tofauti nyingi zinazoonekana ni za namna ubongo unavyochakata habari kuliko za hifadhi zilizotengana, na kuna wanaouliza kama kumbukumbu ya matukio ni ya binadamu peke yake. Mwaka 1998 Nicola Clayton na Anthony Dickinson waliripoti kwamba ndege wa jamii ya kunguru wanaoficha chakula hukumbuka ni kitu gani walificha, wapi na muda gani uliopita, kwa maana waliwaacha funza waliokwisha kuoza na kuzifuata karanga. Mabishano hayo yameirekebisha orodha ya aina za kumbukumbu bila kuirudisha dhana ya uwezo mmoja.

Molaison alifariki tarehe 2 Desemba 2008 akiwa na miaka 82, na hapo ndipo jina lake kamili lilipotangazwa, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 50 vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu. Mwaka uliofuata, katika jiji la San Diego, Jacopo Annese na wenzake waliukata ubongo wake kuwa vipande vyembamba 2,401 ili vihifadhiwe kwa uchunguzi. Cochrane naye alifariki mwaka 2014. Orodha inayofundishwa leo, ya matukio na maarifa upande mmoja, na stadi, mwamsho na miitiko upande wa pili, ina alama za majeraha yao kila mahali, na mwanachuoni anayeinukuu hana budi kukiri kwamba watu hao walilipia gharama yake.

Faida ya historia hii haiishii vyuoni. Mtihani wa shule hupima kumbukumbu ya maarifa na kuiacha ya stadi, ambayo fundi seremala au mshonaji huijenga kwa miaka mingi bila kuweza kuiandika katika karatasi ya majibu. Mahakama humtaka shahidi alete kumbukumbu ya tukio, na mara nyingi hupokea tukio lililokwisha kuchanganyika na maarifa aliyoyapata baadaye. Katika nyumba nyingi mzee aliyesahau majina ya wajukuu huchukuliwa kuwa amepoteza yote, akanyang'anywa jembe au ukili wa mkeka ambao mikono yake ingali inaujua vizuri. Waalimu, mahakimu na wenye kuwatunza wazee wanapaswa kuacha kuhukumu kumbukumbu kwa ujumla, na anayesahau apimwe kwa kila aina peke yake kabla ya kuambiwa kwamba hana kumbukumbu.